Adam Alijenga Nyumba, Laura Akabaki Nje

Bonanza, tamthilia ya televisheni ya Marekani kuhusu familia ya Cartwright na ranchi yao Ponderosa, ina vipindi zaidi ya 400, na wapenzi wake bado wanabishana juu ya kimoja kilichorushwa na kituo cha NBC Mei 1964. Kinaitwa "Triangle", yaani pembetatu. Adam Cartwright, mtoto wa kwanza wa mzee Ben, ana mchumba. Mchumba mwenyewe ni Laura Dayton, mjane mwenye binti mdogo aitwaye Peggy. Adam anamjengea Laura nyumba, na anaijenga kwa siri ili siku ya kumwonyesha iwe ya furaha kubwa. Kwa kuwa ni siri, kila akiitwa hapatikani, na kila akiulizwa alikokuwa anatoa udhuru. Nyumba haijakwisha, Laura ameshampenda mwanamume mwingine. Huyo mwingine anaitwa Will, na jina lake la ukoo ni Cartwright vilevile.

Uchumba unavunjika. Na tangu mwaka ule hukumu ya wengi imekuwa moja: Laura ni msaliti. Mtu anakujengea kwa mikono yake mwenyewe, nawe unaondoka na ndugu yake!

Mimi hukumu hiyo nimeipinga tangu mara ya kwanza nilipokitazama kipindi hiki, na kila nikikirudia naipinga zaidi. Ukianza hadithi siku ile Adam anapoanguka kutoka juu ya nyumba hiyo, utamwonea Laura. Inabidi uianze miezi mitano nyuma, Desemba 1963, pale Laura anapoingia kwenye tamthilia kwa mara ya kwanza.

Kipindi hicho kinaitwa "The Waiting Game". Laura, aliyeigizwa na Kathie Browne, anafiwa na mumewe Frank. Tunaelewa mapema kwamba Frank hakuwa mume wa kukaa nyumbani. Laura amekwisha kuishi miaka ya kuangalia njia, na sasa ana kazi ngumu zaidi, ya kumweleza mtoto ukweli wa baba yake. Adam anaingia hapo. Anakuwa mtu wa kufika, wa kukaa na mtoto, wa kuzungumza naye kama mtu mzima anavyopaswa kuzungumza na mtoto mwenye majonzi. Kilirushwa wiki mbili na ushei baada ya Rais Kennedy kuuawa, wakati Marekani nzima ilikuwa imetoka kumtazama kwenye televisheni mjane mwenye watoto wadogo akitembea nyuma ya jeneza. Watayarishaji hawakuweza kulijua hilo walipokuwa wakirekodi. Lakini nikikitazama leo siwezi kulisahau, na nadhani ni sehemu ya sababu Laura alipokelewa kama mtu wa kweli badala ya mgeni wa wiki moja.

Sasa shika neno moja: kufika. Laura anampenda Adam kwa sababu Adam anafika. Hakumpenda kwa sura, wala kwa ranchi, ingawa Ponderosa yenyewe ilikuwa nchi nzima kando ya ziwa Tahoe kule Nevada. Mwanamke aliyezoea kusubiri amempata mtu asiyesubiriwa. Mapenzi yao yote yamejengwa juu ya jambo hilo.

Baadaye, katika "Triangle", Adam huyohuyo anaacha kufika.

Sababu yake ni njema, nakubali. Yuko juu ya mbao, anapiga misumari, anampangia mke mtarajiwa paa la kulala chini yake. Ndani ya hadithi ya Bonanza, Adam ndiye msomi wa familia, aliyekwenda vyuo vya mashariki mwa Marekani na kujua uchoraji wa majengo. Kwa mtu wa namna hiyo nyumba ni barua ya mapenzi. Ndiyo lugha anayoimudu. Ila Laura hajaiona barua. Anachokiona ni kiti kitupu, na kiti hicho anakijua, maana alikaa nacho miaka yote ya Frank. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Adam alikuwa na lake, tena kubwa, la mbao na mawe, ila yeye mwenyewe hakuwapo.

Mara ya mwisho nilikitazama na mama mdogo wangu, kwenye simu, tumeiegemeza kwenye chupa ya chai. Hafuati Kiingereza chote, kwa hiyo nilikuwa namfasiria. Tulipofika pale Laura anapoambiwa kwa mara nyingine tena kwamba Adam ana shughuli, akaniwekea mkono begani. "Mwanangu," akasema, "huyu mwanamke ameshaachwa, ila bado hajaambiwa." Nikaacha kufasiri. Kipindi kilikuwa hata hakijafika katikati, naye ameshaisoma hadithi yote.

Will naye anahitaji kusemwa kidogo. Aliigizwa na Guy Williams, yuleyule aliyekuwa Zorro wa Disney kuanzia 1957, na aliingizwa Bonanza mapema mwaka 1964 kama mtoto wa ndugu yake Ben. Kwa Kiingereza uhusiano huo una neno la mbali kidogo, cousin, neno linaloweka nafasi kati ya watu wawili. Sisi hatuna nafasi hiyo. Binamu ni mtoto wa mjomba au wa shangazi. Mtoto wa ndugu wa baba yako ni ndugu yako, basi. Kwa hiyo mtazamaji wa Kiswahili anaumia mara mbili hapa, na sioni aibu kusema kwamba mimi pia niliumia. Lakini tazama Will anafanya nini katika kipindi chote: anakuwapo. Anamsindikiza Laura pale mchumba anapokosekana, anacheka na Peggy, na anapogundua moyo wake unakokwenda anataka kuondoka zake kabla ya kuharibu. Hakuja kuiba. Alikuta mlango uko wazi, ametulia karibu nao kwa muda, na alipojishtukia alikuwa ndani.

Vichwa vya vipindi vya Laura vinaeleza mengi kuhusu hali yake kuliko watu wanavyodhani. Kimoja ni mchezo wa kusubiri. Kinachofuata, cha Februari 1964, ni mchezo wa ulaghai: tapeli anamjia na habari za fedha zilizotoka kwa marehemu mumewe, na mwanamke aliyechoka anaamini. Cha tatu, wiki moja tu kabla ya "Triangle", ni mchezo wa shinikizo. Hapo anakuja shangazi yake, Lil, aliyeigizwa na Joan Blondell kwa uchangamfu mwingi, naye amedhamiria Adam amuoe Laura kwa hila au kwa hiari. Kwetu mshenga hutoka upande wa mwanamume na huja kwa adabu, na jibu lina haki ya kuchelewa. Shangazi Lil ni mshenga aliyegeuzwa, anamsukuma mwanamume apose. Kipindi kile kinachekesha sana, lakini ukikitazama siku moja na kinachokifuata kicheko kinakwisha. Uchumba uliofikiwa kwa kusukumwa umepewa wiki moja kupumua, kisha tunashangaa haukusimama.

Kusubiri, kulaghaiwa, kusukumwa. Kabla ya pembetatu kuchorwa, Laura alikuwa ameshapitishwa katika michezo mitatu ambayo hakuna hata mmoja aliouanzisha yeye.

Sasa nifike kwenye anguko, maana ndipo penye ugomvi wangu mkubwa na walioandika kipindi hiki.

Laura amekwisha kujua moyo wake. Amebaki na jambo moja gumu na la heshima: kumwendea Adam na kumwambia kwa kinywa chake. Hapo ndipo Adam anapoanguka kutoka juu ya nyumba ile ya siri. Anaumia mgongo, anawekwa kwenye kiti cha magurudumu, na hakuna mwenye uhakika kama atatembea tena. Laura anameza maneno yake. Atabaki. Atamtunza. Ataolewa.

Kama hila ya kuandika, ni hila kali. Mtazamaji amebanwa: mwanamke akiondoka ni katili, akibaki ni mfungwa. Na ni kweli pia kwamba maisha hufanya hivi. Nimewaona watu wakibaki katika uchumba kwa sababu ya maradhi, msiba, au deni la upande wa pili, na kila mtu mtaani akawasifu kwa uvumilivu huku wao wanakauka. Huruma ikivaa nguo za mapenzi hutambulika kwa shida, hasa na yule anayehurumiwa.

Adam anaitambua. Hicho ndicho kilele cha kipindi, na Pernell Roberts anakiigiza vizuri kuliko kitu kingine chochote alichofanya katika miaka yake sita pale. Amekaa kwenye kile kiti. Ameshaelewa yaliyopo kati ya Laura na Will. Uso wake haukunjamani, sauti haipandi. Anaweka mikono, anajikaza, anajiinua kwa maumivu, na anasimama. Akiwa amesimama ndipo anapomwachia Laura uhuru wake. Roberts alikuwa mtu wa jukwaa la maigizo kabla ya kuwa mtu wa farasi, na hapa unaiona: hatumii maneno kueleza kinachouma, anatumia magoti.

Nimeguswa kila mara. Na kila mara, baada ya kuguswa, nimejiuliza: aliyevunja uchumba huu ni nani?

Kwa haki alikuwa Laura. Ndiye aliyejua, ndiye aliyekuwa na neno la kusema, ndiye ambaye moyo wake ulihama. Lakini waandishi walimwangusha mwanamume kutoka juu ya paa ili mwanamke asiseme, kisha wakamsimamisha mwanamume ili aseme kwa niaba yake. Adam anatoka na hadhi yote. Ameachwa, lakini kwenye skrini yeye ndiye anayeacha. Laura anatoka kama mtu aliyesamehewa. Miaka yote hii watazamaji wamemwita msaliti, na sehemu ya kosa ni ya kalamu iliyomnyima dakika mbili za kujieleza. Angesema, tungemsikia. Tungeweza kumkasirikia, lakini kwa jambo alilolifanya kweli.

Kwa nini ilikuwa lazima Cartwright asiachwe? Hapa inabidi tutoke Virginia City, mji wa tamthilia hii, twende kwenye ofisi za televisheni.

Bonanza ilianza Septemba 1959. David Dortort, aliyeibuni, aliweka katikati yake baba mmoja na wana watatu wakubwa, kila mwana na mama yake, na mama wote watatu wamekufa: Elizabeth mama yake Adam, Inger mama yake Hoss, Marie mama yake Little Joe. Nyumba ile ya magogo haina mwanamke, na haikukusudiwa kuwa naye. Kila wiki anaweza kuja mwanamke mzuri, akapendwa, na ndani ya saa moja akafa, akaondoka, au akagundulika ana siri. Wapenzi wa tamthilia hii huliita jambo hilo laana ya Cartwright. Mimi naliona ni hesabu ya biashara. RCA, wamiliki wa NBC wakati ule, walikuwa wakiuza televisheni za rangi, na Bonanza ilirekodiwa kwa rangi tangu siku ya kwanza. Chevrolet ikaidhamini. Tangu 1961 ilikaa Jumapili saa tatu usiku, familia nzima ikiwa sebuleni. Msimu ule wa Laura ilishika nafasi ya pili kwa watazamaji Marekani nzima, na misimu mitatu iliyofuata ilishika ya kwanza. Kitu kinachouzika hivyo hakibadilishwi umbo. Jumapili inayofuata wale wanaume wanne lazima wawe mezani.

Ila mmoja wao hakutaka tena kukaa mezani. Pernell Roberts hakuficha kwamba amechoka. Lililomkera zaidi ni kuona wanaume watu wazima wanaomba ruhusa ya baba kwa kila jambo, na alitaka kuondoka. Hadithi ya Laura ilianzishwa iwe mlango wake wa kutokea: Adam aoe, ahamie kwake, na Will ashike nafasi iliyoachwa. Ndiyo maana mwanamke huyu mmoja alipewa vipindi vinne badala ya kimoja, na ndiyo maana tuliruhusiwa kumzoea. Kisha ikaamuliwa kwamba Roberts amalize mkataba wake. Mwigizaji amebaki, kwa hiyo Adam amebaki. Adam akibaki hawezi kuoa. Asipooa, Laura lazima apelekwe kwa mtu, na Will yupo pale mkononi, hana kazi tena.

Ukilijua hili unaweza kukata tamaa, ukasema basi hakuna cha kuchambua, ni mikataba tu. Sikubaliani. Wale waandishi walipewa kazi ya kubomoa ndoa waliyokuwa wameijenga miezi mitano, kwa haraka, na katika kuitafutia sababu walishika sababu ya kweli. Wangeweza kumuua Laura, kama ilivyokuwa desturi. Wangeweza kumfanya mhalifu. Badala yake walirudi kwenye jeraha la kipindi cha kwanza, lile la mwanamke anayesubiri, wakalitonesha. Sijui kama walikusudia au kalamu iliwaongoza. Nyuzi zimeungana, na zimeungana vizuri.

Linganisha na yaliyotokea mwaka 1972. Hoss alikuwa ametayarishiwa hadithi ya kuoa. Dan Blocker, aliyemwigiza, akafariki Mei mwaka ule. Michael Landon, aliyekuwa ameiandika na ndiye aliyeiongoza, akaigeuza ili Little Joe ndiye aoe. Bibi harusi, Alice, anauawa katika kipindi hichohicho. Kina majonzi ya kweli, maana wanaoigiza walikuwa wamefiwa kweli. Lakini kifo cha Alice hakikuulizi swali. Unalia, unazima televisheni. Laura anakuacha na swali, na ndiyo sababu bado watu wanagombana juu yake na hawagombani juu ya Alice. Watu wa Gunsmoke, tamthilia nyingine ya Marekani ya aina hii, nao walichagua njia ya tatu: Matt Dillon na Kitty walitazamana kwa misimu 19 bila uchumba kutajwa, hadi Amanda Blake, aliyemwigiza Kitty, alipoondoka mwaka 1974. Pale hakuna cha kuvunjika.

Yuko mtu mmoja ambaye katika ubishi wote huu hatajwi. Ni Peggy.

Hadithi ilianza naye. Baba amekufa, na mtu mzima mmoja akapiga magoti kuzungumza naye. Katika vipindi vinne mtoto huyu anafiwa na baba, anapata wa pili, anazoea farasi wake, sauti yake na harufu ya koti lake, kisha anaambiwa kwamba wa pili naye siye, ni huyu wa tatu. Watu wazima watatu wameumizana na wameachiana kwa heshima, na nawaheshimu. Ila uchumba wa mjane mwenye mtoto una wachumba watatu, na huu ulipovunjwa mmoja wao hakuulizwa. Kama kuna mtu aliyesalitiwa katika pembetatu ile, kwangu mimi ndiye yeye, na waliomsaliti ni wote. Umbo lenyewe lilihitaji pembe ya nne.

Laura, Peggy na Will hawakuonekana tena Ponderosa. Roberts alimaliza msimu wa sita, akaondoka mwaka 1965. Adam hakupewa kipindi cha kuaga. Baada ya hapo alitajwa tu kama mtu aliyesafiri mbali. Kathie Browne aliolewa na mwigizaji Darren McGavin mwaka 1969. Guy Williams mwaka 1965 alikwenda kuwa baba wa familia iliyopotea angani katika Lost in Space. Kila mtu alipata pa kwenda.

Nimebaki nikiifikiria ile nyumba. Kabla ya kuta, kabla ya boriti, kuna siku fundi anapopigilia vigingi ardhini na kuvuta kamba kutoka kona hadi kona. Ukisimama pale huoni nyumba, unaona kamba na majani. Adam alikuwa na siku hiyo. Farasi wake alikuwapo, Laura hakuwa mbali, na Peggy angefurahi kurukaruka juu ya kamba kutoka chumba hadi chumba. Angewaleta wote wawili asubuhi ile, ujenzi ukiwa haujafika hata kwenye goti, akasimama katikati ya majani na kumuuliza Laura: jiko ungependa lielekee wapi?